Sikuingiza Mkono Mpaka Chini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kabisa, na leo sifa zimfikie Yeye mwenyewe, maana mara ya mwisho niliposimama hapa mbele nilizitoa kwa jina lake na zikaishia mikononi mwa wezi.

Naona mnatazamana. Mnalitambua hili gauni? Ndilo. La njano, lenye maua makubwa ya bluu kifuani. Nimelivaa makusudi. Asubuhi mume wangu, Baba Quinter, aliniambia, "Mama, si uvae lingine tu? Hilo lina maneno." Nikamwambia ndiyo maana nalivaa. Kwa hivyo wewe uliyeficha simu chini ya Biblia ukidhani sijaiona, usiifiche. Iweke hapo mapajani. Nitaihitaji, na nitakwambia ni ya nini.

Kwa wageni, mimi ni Mama Quinter. Naishi Manyatta, nauza omena, wale dagaa wetu wadogo wa ziwani. Nanunua ufuoni kwa gunia, nauza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, sokoni, na siku za soko nafika mpaka Awasi na Katito. Mikono yangu inanuka samaki hata Jumapili. Usiogope kunisalimia, harufu hiyo ndiyo iliyomsomesha Quinter mpaka chuo.

Sasa, pale sokoni nina jina. Wananiita Inspekta. Kwa nini? Kwa sababu mimi omena za juu sizitazami. Ukiniletea gunia, zile za juu zimekauka vizuri, zinang'aa, zimewekwa pale kukuita wewe mjinga uje. Mimi nakunja mkono wa nguo mpaka begani, naingiza mkono mpaka chini kabisa, natoa konzi moja, nasugua kiganjani. Kama kuna mchanga, utabaki hapa hapa kiganjani na wewe mwenye gunia utaanza kujikuna kichwa. Wengine waliniletea nusu omena nusu ufuo! Nikawarudishia ufuo wao. Watu walikuwa wananiita niwapimie magunia yao kabla hawajalipa, na mimi naenda, kifua mbele, mkono juu.

Ndugu zangu, ukumbukeni huo mkono.

Ilikuwa ile miezi uvuvi wa omena unafungwa ili samaki wazae. Sokoni kukavu. Unakaa na magunia mawili ya zamani unayapepea nzi. Na mimi nilikuwa nimeweka akiba ya kujenga kibanda changu mwenyewe cha mabati, niache kunyeshewa na kufukuzwa huku na huku. Nikaanza kujiuliza, hii simu iliyo mkononi inakula bando kila siku, mbona yenyewe hainilishi? Kila mtu alikuwa anazungumzia kazi za mtandaoni. Nikasema na mimi nijaribu, lakini kwa macho manne, maana ni nani asiyejua kwamba huko kumejaa matapeli?

Nilianza na tovuti ya kujibu maswali. Niliulizwa natumia sabuni gani. Nikajibu. Niliulizwa gari langu ni la aina gani. Gari! Niliulizwa mbwa wangu anakula chakula cha kampuni gani. Mbwa wangu, ndugu zangu, angekuwepo, angekula kilichobaki na angeshukuru. Nilijibu wiki nzima mpaka kidole gumba kikauma, na walinilipa kweli, niseme haki yao. Walinilipa bei ya nusu kabeji. Hao hawakuwa wezi. Walikuwa wanalipa kidogo tu kwa kupoteza muda wako mwingi.

Nikaenda kwa wengine, wa kazi ya kupiga chapa. Wakasema kazi ipo, tuma kwanza ada ya usajili. Nikawauliza, tangu lini kibarua akamlipa mwenye shamba? Nikafunga. Wengine wakataka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, pamoja na namba yangu ya siri ya pesa za simu. Nikawaandikia hivi: hata mume wangu haijui, na tunalala kitanda kimoja miaka ishirini na kitu! Cheka tu, Baba Quinter, ni ukweli.

Basi kina mama wa hapa wakaanza kuniletea simu zao. "Mama Quinter, hii ni ya kweli?" Naangalia, nasema hapana, hii ni wizi. "Na hii?" Hapana. Nikawa Inspekta wa mtandao pia. Na niwaambie ukweli, niliipenda hiyo kazi. Nilipenda kuulizwa. Nilipita kwa hii njia ya katikati ya viti nikijua kwamba mimi siibiwi, wanaoibiwa ni wengine, wale wasiojua kupima.

Kisha ikaja ile tovuti. Jina silitaji hapa mbele ya madhabahu, na hata nikilitaja halitakusaidia, kwa maana tangu wakati huo wamelibadilisha mara tatu. Kazi yake ilikuwa kutazama video fupi na kuzipenda kwa kubonyeza. Nikaipima. Kwanza sikuweka hata senti yangu. Nikafanya kazi siku mbili, nikaomba kutoa nilichopata. Simu ikalia, pesa imeingia! Nikafanya tena, ikaingia tena. Nikaweka kidogo cha kwangu, nikakitoa siku hiyo hiyo, kikatoka na kilichozaa. Nikauliza mwenye kampuni ni nani, wakanitumia cheti chenye muhuri mwekundu. Nikasema, imepita.

Na lile grupu lao! Yawa, hapo ndipo damu yangu inachemka mpaka leo. Kiongozi wa grupu alijiita Mwalimu Victor. Picha yake ilikuwa kijana wa suti, ameshika Biblia. Kila asubuhi alianza hivi: "Bwana asifiwe, familia!" Na sisi watu zaidi ya mia tunajibu, "Amina, Mwalimu!" Anatuma mstari. Anatuma sala ya kufungua milango ya baraka. Halafu, amina ikiwa bado haijakauka, anatuma orodha ya wanaotakiwa kuongeza mtaji. Walilichukua Jina tunaloliita tukiwa na mgonjwa kitandani, wakalifanya chambo! Mtu akiniibia kwa kisu nitamwelewa, ana njaa na ana kisu. Lakini huyu alipiga magoti nami kwanza.

Sasa ndugu zangu, mnajua desturi yetu hapa. Mungu akikutendea, huinyamazii. Jumapili ya shukrani unasimama unasema, na usiposema watu wanakuuliza una nini. Nilisimama. Gauni hili, mahali hapa, kipaza sauti hiki hiki chenye kukwaruza. Nikasema Bwana amenifungulia mlango katika simu yangu. Nikasema mnanijua mimi, mimi ni Inspekta, nimezipima nyingi na hii nimeipima. Nikatoa sadaka ya shukrani. Mkapiga vigelegele. Kwaya ikaanza wimbo kabla sijarudi kitini.

Na mtu mmoja akarekodi. Simlaumu, hata mimi ningerekodi. Akaniwekea kwenye simu, na mimi kwa furaha nikaiweka kwenye grupu. Mwalimu Victor akaniandikia, "Mama, hii ni neema, usiifungie nyumbani." Aliikata vizuri. Aliacha pale ninaposema nimeipima, akaacha vigelegele, akaacha uso wa Mchungaji akitabasamu, na chini akaweka linki ya kujiunga. Ndani ya wiki mbili ile video ilikuwa Awasi, ilikuwa Katito, ilivuka mpaka Kendu Bay. Watu nisiowajua walinisimamisha barabarani. "Si wewe ndiye yule mama wa njano?" Nikajibu ni mimi, nikacheka, nikajiona mtumishi.

Wiki ya tatu nikaingiza kibanda changu. Chote. Mabati, mbao, misumari, hata mlango, vyote vikaingia humo katika simu. Baba Quinter sikumwambia. Nilitaka siku moja nimpeleke pale sokoni nimwonyeshe kibanda kimesimama.

Nilipoomba kutoa, haikutoka. Waliniandikia, akaunti yako inakaguliwa. Baada ya siku tatu waliandika, umefaulu ukaguzi, lipa kodi kwanza ndipo tuifungue. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Hapo nilijua! Mimi niliyewafunga wale wa ada ya usajili, ningekosa kujua? Nilijua kabisa. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni, sukuma wiki inaungua kwenye sufuria, na nilijua kwamba tovuti ile haikuuza chochote, haikulima, haikuvua. Pesa waliyonilipa mwanzoni ilikuwa ya mama mwingine aliyeweka yake. Ile sadaka mliyonipigia vigelegele, ilikuwa yake. Na walioingia baada ya kuniona mimi, pesa yao walilipwa wengine.

Kuibiwa si dhambi. Nisikieni, ninyi mlioibiwa mkajificha: kuibiwa si dhambi! Dhambi ni nilichofanya baadaye. Mlinijia. "Mama Quinter, yangu haitoki." Nikasema mtandao una shida. "Mama Quinter, wanataka kodi." Nikasema ngojeni, wanarekebisha mitambo. Mitambo gani? Hata siijui sura yake! Wiki tatu nzima nilisema mtandao una shida, kwa sababu sikuweza kusema mimi ndiye mwenye shida. Inspekta angeibiwaje?

Kisha Mwalimu Victor akanipigia simu. Kabla ya hapo alikuwa wa kuandika tu. Sauti laini, sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. Akaniita mama yake wa kiroho. Akasema wewe kodi usilipe, wewe ni mtu wetu. Akasema, "Mama, rekodi ushuhuda mwingine tu, useme umetoa pesa yako yote salama. Na utuletee watu watano. Nitakufungulia akaunti siku hiyo hiyo." Na akaongeza, sikilizeni jeuri hii, "Uvae lile gauni la njano. Watu wanaliamini."

Ningemtukana. Leo nikisimulia namtukana vizuri sana. Lakini siku ile niliuliza, "Watano tu?"

Ndiyo. Nilisema hivyo. Msinitazame kwa huruma, nitazameni kwa hasira, nastahili. Watano kwa kibanda changu. Nikajiambia, hapa kanisani wameshaanza kunung'unika, niende mbali kidogo, niende Katito siku ya soko. Na nikalivaa hili gauni, nikafunga leso juu yake lisichafuke, nikabeba gunia langu la omena kama siku zote.

Pale Katito kuna mama mmoja mzee, tunamwita Dani, yaani nyanya, na sisi wote wa omena ni wajukuu zake. Ndiye aliyenifundisha biashara. Nilipoanza, Quinter akiwa mgongoni, nilinunua gunia langu la kwanza kwa kutazama za juu, na Dani ndiye aliyenishika kifundo cha mkono akautumbukiza chini mpaka bega likagusa mdomo wa gunia. Mkono ukarudi umejaa mchanga. Nililia. Akanicheka mpaka akakaa chini. Jina langu la Inspekta, mkono wangu huu, vyote ni vyake.

Miaka hii Dani macho yaliingia ukungu. Alikuwa anapima omena kwa kugusa na kunusa tu. Daktari alimwambia ukungu huo unatolewa, na yeye akauza ndama wake jike, akaiweka pesa hiyo ya macho, akingoja tarehe aliyopewa. Soko zima lilijua habari hiyo, na mimi niliijua.

Nilikuwa sijafungua gunia vizuri ndipo nikamwona anakuja, anapapasa kwa fimbo. Alikaa karibu yangu, akatoa kitambaa kifuani, kimefungwa fundo. Akaniwekea mapajani. Akasema, "Chukua. Iweke huko ulikoweka yako. Nikienda kwa daktari nataka nibaki na kitu cha kununua miwani na ndama mwingine."

Nikasema, "Dani, umesikia wapi hiyo habari?"

Akasema, "Mjukuu wangu, hiyo picha yenu sikuiona, macho hayanipi. Lakini niliisikia sauti yako. Unapiga kelele vilevile kama sokoni."

Mungu wangu! Aliisikia sauti yangu. Wengine walidanganywa na gauni, na kwaya, na uso wa Mchungaji. Yeye hakuona hata kimoja. Alikuwa na sauti yangu tu, na kwa hiyo sauti alileta macho yake yote mawili ndani ya kitambaa.

Na mimi niliendelea kukishika! Nawaambia nilikishika. Akili yangu ilisema, huyu ni mmoja, bado wanne. Hapo simu ikatetemeka ndani ya mkoba, ni Mwalimu Victor anataka kujua kama nimerekodi. Nikaitazama ikitetemeka.

Dani hakujua lolote. Aliingiza mkono wake kwenye gunia langu, kwa mazoea tu, kama anavyofanya kwa kila mtu hata nikiwa mimi. Mpaka chini. Akatoa konzi, akasugua, akanusa, akaridhika. Halafu akasema, polepole, akiwa bado na omena mkononi, "Mimi kwenye simu siwezi kuingiza mkono. Sijui chini yake iko wapi. Wewe uliingiza? Mpaka chini?"

Ndugu zangu, mimi nimeombewa hapa mara nyingi. Nimewekewa mikono, nimepakwa mafuta, nimeanguka na kuinuliwa. Lakini siku Roho wa Mungu aliponishika kweli, alinishika pale Katito, kwa swali la mama asiyeona, kati ya magunia, nzi wakiruka. Ulimi ulikuwa umeshaandaa jibu. Jibu lilikuwa neno moja, na lingenipa kibanda. Nawaambia halikutoka!

Nikasema, "Hapana, Dani. Nilishika za juu tu."

Nikamwambia yote. Kwamba pesa yangu imekwama. Kwamba najua haitatoka. Kwamba nimekuja Katito kutafuta wa kwanza kati ya watu watano. Nililia mbele ya wateja, wengine wakadhani nimefiwa. Simu ikatetemeka tena. Nikaitoa, nikamwambia yule kijana, Victor au awe nani, maneno ambayo Mchungaji ameniomba nisiyarudie hapa.

Mlidhani Dani alinikumbatia? Dani si wa kukumbatia. Alipapasa mapajani mwangu mpaka akakipata kitambaa chake, akafunga fundo la pili juu ya lile la kwanza, akakirudisha kifuani. Kisha akasema, "Mimi nimekuuliza, ndiyo nimepona. Hao wengine waliokusikia na hawajakuuliza, nani atawaambia?" Akainuka akaenda zake. Hakunigeukia. Nilibaki na hilo swali mpaka jioni, na sikuuza hata gorogoro mbili.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Baba Quinter kwanza. Alitoka nje akaosha pikipiki yake. Akamaliza, akaiosha tena. Aliporudi ndani alisema tu, "Kwa hivyo tunaanza wapi?" Mungu ambariki mwanamume yule, amekaa pale mnamwona, anajifanya anatafuta kitu kwenye kitabu cha nyimbo.

Tulianza nyumba kwa nyumba. Pikipiki yake, mimi nyuma. Manyatta, Awasi, Katito. Tulienda kituoni pia tukaandikisha taarifa, na ile namba ya simu ya Victor ilikuwa imeshazimwa. Kwa wale walioingia kwa sababu yangu, nilipiga magoti mlangoni. Mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Alifanya vizuri. Mwingine aliniambia hawezi kunisamehe kwa sasa, nirudi baada ya mavuno. Nitarudi. Na wapo niliowakuta na pesa mkononi, wako tayari kuingia kesho yake, wakaniangalia na kusema, "Lakini kwenye video ulisema..." Ile video, ndugu zangu! Mimi nasema ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe, na wao wananinyooshea simu, na mimi niliye kwenye simu nasema uongo kwa sauti kubwa zaidi, na nyuma yake kuna vigelegele.

Ndiyo nikaenda kwa Mchungaji. Mchungaji, nakuheshimu, na umeniruhusu niliseme hili. Mwanzoni uliniambia tuombe faraghani, tulinde jina la kanisa. Nikakujibu, Baba, nilidanganya kwa kipaza sauti, siwezi kutubu kwa kunong'ona. Ukaniambia Jumapili ni yako. Asante. Si kila mchungaji angekubali, hasa akikumbuka kwamba uso wake nao umo.

Lakini sijamaliza kukasirika! Kuna kitu nimesikia hapa hapa nje, kabla ya ibada, na sitataja safu. Nimesikia kuna mpya. Ya kufuga kuku. Unanunua kuku ndani ya simu, kuku anataga ndani ya simu, unauza mayai ndani ya simu. Ndugu zangu! Nyumba zenu zina kuku wa kweli, wananya mlangoni, na mnaacha hao mnalisha kuku wa kwenye simu? Na mtu akanijibu, "Mama Quinter, lakini hii inalipa, nimeshatoa mara mbili." Najua umetoa! Mimi pia nilitoa. Hizo ni omena za juu. Kama huwezi kufika chini ukagusa kinacholeta hiyo pesa, usilete mtu mwingine, na usisimame hapa kuishuhudia. Shuhudieni uponyaji. Shuhudieni mtoto aliyerudi nyumbani. Mkataba wa mtu usiyemjua sura msiuwekee amina.

Pesa yangu haikurudi. Msingoje sehemu ile ya ushuhuda ambapo pesa inarudi mara mbili, haipo. Nanyeshewa sokoni kama zamani. Nina gunia langu, nina mteja wangu, nalala usingizi. Bwana hakuniokoa na hasara. Aliniokoa na ulimi wangu, siku nilipokuwa tayari kuuza macho ya mtu kwa mabati. Na kama alinitoa huko, mwamini, atakutoa hata wewe uliyejifungia na aibu yako. Hakudai ada ya usajili. Njoo tu, sema ukweli, uone kama hutapumua.

Namshukuru Mungu kwa jambo moja la mwisho. Pale mbele, kiti cha pembeni, yupo mama mzee mwenye miwani mipya. Simama, Dani. Alifika tarehe yake, alifanyiwa, na leo amekuja kutoka Katito kwa macho yake. Tulipokutana mlangoni alinishika bega, akanirudisha nyuma hatua moja ili anione vizuri, akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Kumbe hili ndilo gauni lenyewe? Yawa. Ni baya."

Haya. Zile simu sasa. Nilisema nitazihitaji. Ziinueni, zote, hata wewe wa chini ya Biblia. Kwaya, nyamazeni kidogo. Mchungaji, sogea hapa karibu yangu, uso uonekane. Kila mahali mlipotuma ile ya kwanza, mtatuma hii, leo, kabla hamjala chakula cha mchana. Umeniona vizuri? Gauni linaonekana? Haya, anza.

Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Quinter, muuza omena. Mlinisikia nikisema niliipima ile kazi ya mtandaoni na ni ya kweli. Sikuipima. Ni wizi, nami nilijua, nikanyamaza. Sauti ni ileile. Aminini hii.